Ganzi ya Siku Tatu na Uongo wa Kitanda cha Nne

Nianze na aibu yenyewe ili nisiwazungushe: mimi, mwalimu wa darasa la sita hapa Panda, mtu niliyewaambia watoto wa watu kwa miaka kumi na tisa kwamba karatasi tupu ni afadhali kuliko jibu la kubuni, nilidanganya hospitalini mbele ya mama mkwe wangu kuhusu upepo wa tumbo. Ndiyo, upepo huo huo mnaoufikiria. Nikisimulia kwenye mazungumzo watu hucheka mpaka wanashika mbavu, na mimi huwaacha wacheke, kwa sababu sehemu hiyo inachekesha kweli. Kisha mimi hubadilisha maneno, huwauliza habari za watoto wao. Leo sitabadilisha maneno. Leo nitafika mpaka mwisho, na mtanisamehe nikienda polepole, maana ni mazoea ya ubaoni, napenda kila mtu aelewe kabla sijafuta.

Ilianza na tumbo kuvimba. Nilikuwa darasani, mvua inapiga bati hata watoto hawanisikii, nikahisi tumbo limekaza kama ngoma na halipitishi kitu, si juu wala chini. Mke wangu Béa na jirani wakanipeleka hospitali. Daktari aliyenipokea alikuwa Daktari Mujinga, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, aliyekuwa amerudi kutoka Lubumbashi alikojifunza upasuaji. Akanieleza kwamba kipande cha utumbo mpana kimejisokota kama nguo inayokamuliwa. Akaingiza mpira, akakifungua, upepo ukatoka, nikapata nafuu siku ile ile, lakini akasema kipande hicho kitajisokota tena na safari ijayo huenda nisiwahi kufika, kwa hiyo nibaki kitandani, na Jumatatu watanipasua, wakikate, waunganishe.

Sasa hapo ndipo aliponieleza kuhusu dawa ya ganzi. Alikuwa na kasha moja dogo, chupa zisizozidi vidole vya mkono mmoja, dawa ya ganzi ambayo haikai saa mbili tatu kama ile ya kung'olea jino, bali inakaa siku mbili, hata tatu. Wakishamaliza kushona, wanaichoma kwenye nyama za tumbo pande zote mbili za kidonda, na mahali pale panalala peke yake wakati mwili mzima uko macho. Mgonjwa hahitaji sana morfini wala tramadol. Daktari mkurugenzi alikuwa amekubali ajaribu kwa wagonjwa watatu. Wa kwanza alikwisha kwenda nyumbani siku ya tano, kwa miguu yake. Wa pili ningekuwa mimi. Mambo yakienda vizuri, mkurugenzi angetia sahihi barua ya kuagiza dawa nyingine.

Wa tatu alikuwa Papa Kazadi, kitanda cha tano, ubavuni pangu. Mzee huyu alikuwa fundi wa mashine katika karakana za Panda mpaka alipostaafu, mtu wa utani, ana uvimbe kwenye utumbo, na upasuaji wake ulipangwa Alhamisi. Hakuogopa kisu. Aliogopa zile dawa kali za maumivu, kwa sababu kaka yake alipopasuliwa zamani alipewa nyingi, akakaa wiki nzima akizungumza na watu waliokufa, na mwisho akajiunga nao.

"Mwalimu," aliniuliza, "weye umesoma. Ile dawa ya docteur ni kitu gani?"

Jamani, kuniuliza mimi swali kama hilo ni kumpa mtoto sukari. Nikachukua karatasi, nikachora tumbo, nikachora neva kama nyaya za umeme. Nikamwambia: Papa, dawa za zamani zinazima nyumba nzima, mpaka kichwa, mpaka pumzi, mpaka utumbo. Utumbo ukilala, chakula hakipiti, upepo hautoki, mtu anavimba, anatapika. Hii mpya inakata waya wa chumba kimoja tu, chumba chenye kidonda. Taa nyingine zote zinawaka. Ndiyo maana daktari anataka tupunguze zile nyingine, si kwa sababu ni mchoyo, ni ili utumbo uamke mapema.

Wagonjwa wa vitanda vingine nao wakasogea na ndugu zao wanaowalinda, mama mmoja ameshika sufuria, nikarudia mara ya pili, nikarudia ya tatu. Papa Kazadi akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni.

"Mwalimu, weye ukisema iko muzuri, minye naikubali. Lakini nitakuangalia kwanza. Ukilia, minye nakimbia na kidonda changu."

Shikeni maneno hayo. Mzee aliweka tumbo lake juu ya tumbo langu.

Jumatatu nikapasuliwa. Nilipoamka nilingoja maumivu yaje, hayakuja. Kulikuwa na kitu kinavutavuta ndani, kama mtu anayekaza mkanda, lakini kidonda chenyewe nilikigusa juu ya bandeji kama nagusa mguu wa meza. Jumanne asubuhi nikaketi. Saa nne nikatembea na Béa mpaka dirishani, na Papa Kazadi akahesabu hatua zangu kwa sauti, kumi na moja kwenda, kumi na moja kurudi. Nikamwambia, "Umeona?" Nikaanza kuhubiri tena, mpaka Béa akaniambia, "Baba, pumzika mudomo, banakupasua tumbo jana tu."

Hapo ndipo alipokuja Trésor, mdogo wake Béa, mwanaume wa miaka thelathini na tano, baba wa watoto wanne, anachimba madini Kakanda na kila wiki anarudi kwa mama yao. Ni mtu mwema, tena muombaji, katika kanisa lao ndiye anayeongoza maombi ya Ijumaa. Alingoja Béa aende kuchota maji, akainama.

"Beau-frère, ile ganzi inaisha siku gani?"

"Siku ya tatu."

"Na siku ya tatu utafanya nini? Maumivu yote itakuya mara moja. Utalia mbele ya hii salle yote ya bagonjwa, na vile umesema mingi."

Akatoa karatasi iliyokunjwa, ndani yake vidonge vya tramadol, kama wanavyomeza kule mashimoni ili mgongo usiwasumbue. Sikujua kwamba na yeye anavimeza. Alisema kwa aibu kidogo, akaongeza, "Mama asijue. Anafikiri minye sigusi hii vitu."

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu huu ndio uamuzi mdogo uliozaa mengine yote. Sikuwa na maumivu. Kama ningekuwa nayo, kulikuwa na muuguzi mwenye dawa zake, na daktari alikuwa amenieleza kwamba ganzi ikianza kuisha nitaita, watanipa kitu kidogo kidogo. Nilijua yote. Nilichoogopa ni Alhamisi, Papa Kazadi asubuhi ananiona nimekunja uso kabla hajaingia chumba cha upasuaji, akimbie kama alivyosema. Nikajiambia (na hii ndiyo akili ya mtu aliyesoma) kwamba nikimeza mapema nitamsaidia mzee asiogope, nitamsaidia daktari, nitaisaidia hata ile barua. Nikaficha karatasi chini ya mto. Nikameza jioni ile, nikameza alfajiri, nikameza tena asubuhi ya Jumatano. Nikawa mchangamfu, kichwa chepesi, kila mtu namwita rafiki. Na tumbo langu, ambalo nilikuwa nimelichora kwenye karatasi kwa mikono yangu mwenyewe, likalala usingizi.

Jumatano mama mkwe akaja kutoka Mulungwishi.

Kwa wasiojua mila zetu, nieleze. Kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hamtazamani usoni, hamli pamoja, hamzungumzi moja kwa moja mambo ya mwili. Mtu akiwa mzima ni rahisi, unasalimia kwa mbali na kupita upande wa pili wa barabara. Lakini mgonjwa aliyevaa gauni la hospitali lililo wazi mgongoni atapita upande gani? Béa akafunga kamba kati ya dirisha na nguzo ya kitanda, akatundika kitenge, mama yake akaketi nyuma yake akinipa mgongo, mita moja tu kutoka kichwani kwangu, na mazungumzo yote yakapita kwa Béa kama barua.

"Béa, uliza bwana yako kama alilala."

"Baba, mama anauliza kama ulilala."

"Mwambie nililala, aksanti."

"Mama, anasema alilala."

"Nimesikia."

Ndipo akaingia muuguzi Odette na daftari lake. Ma Odette ni muuguzi mzuri, sina ubaya naye, ila Mungu alimpa sauti ya kuita watu ng'ambo ya reli.

"Mwalimu wa kitanda cha ine. Tangu jana nakuuliza. Gaz ilishatoka?"

Vichwa vyote vikanigeukia. Mtu aliyepasuliwa utumbo hapewi chakula mpaka apitishe upepo, hiyo kila mlinzi wa mgonjwa anaijua, na wanaingoja kwa pamoja kama matokeo ya mtihani. Nilikitazama kile kitenge. Nyuma yake niliona kivuli cha kitambaa cha kichwa, kimetulia kabisa, kinasikiliza.

Jibu la kweli lilikuwa fupi: bado. Lakini ningesema bado, Ma Odette angeanza maswali yake, umejigeuza, umejikaza, tumbo linanguruma, leta nisikilize, na angelifunua gauni pale pale. Nikaona nifunge habari.

"Ilishatoka," nikasema kwa sauti ndogo.

"Ilitoka saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Na sauti?"

"Kidogo."

Papa Kazadi akainua kichwa. "Minye sikusikia kitu, na masikio yangu iko kwa ule mwalimu tangu asubuhi."

"Papa, lala," nikamwambia.

Ma Odette akaandika. Na nyuma ya kitenge ikaja sauti, tulivu, ya ibada: "Béa, ambia bwana yako minye nashukuru Mungu juu ya ile."

Sijawahi kutamani ardhi ipasuke kama siku ile. Wagonjwa walijifunika mashuka nyusoni, vitanda vikitikisika kwa kicheko. Papa Kazadi alishika uvimbe wake akisema wanamuua kabla ya Alhamisi.

Ma Odette akasema basi nianze na uji mwepesi, vijiko vichache. Lakini mama mkwe alikuwa amekuja na kuku. Alikuwa amempika Mulungwishi tangu jogoo wa kwanza, akamfunga pamoja na bukari kwenye vitambaa vitatu ili ugali usipoe, akasafiri nao mapajani. Aliposikia neno la kula alisimama bila kusema, akatoka akaketi kwenye baraza, kwa sababu haifai mkwe ale huku mama mkwe anamsikia akitafuna. Alitoka ili nile. Chombo cha mama mkwe hakirudi kama kilivyokuja. Kikirudi kimejaa, umemkataa yeye na binti yake. Béa alisema, "Onja tu, nitamwambia umeonja." Nilionja. Kisha kwa ile furaha ya vidonge, bila maumivu hata chembe, nikaonja tena, matonge manne na paja zima na mchuzi wake.

Saa nane tumbo likaanza kupanda. Sikusema. Nilivuta shuka juu.

Saa tisa mkurugenzi akaingia, na mbele yake Daktari Mujinga, na nyuma yao wanafunzi wa uuguzi sita wenye mavazi meupe mapya. Mama mkwe alikuwa amerudi nyuma ya kitenge chake. Trésor alikuwa mlangoni. Daktari Mujinga alikuwa na uso wa mtu anayeonyesha nyumba aliyoijenga.

"Mgonjwa wa pili wa ganzi ndefu," akasema. "Siku ya pili baada ya upasuaji. Hakupewa morfini hata mara moja. Ameketi, ametembea, amepitisha upepo, ameanza kula."

Mkurugenzi akanitazama juu ya miwani. "Mwalimu, wanasema unaijua hii dawa kuliko sisi. Waeleze hawa."

Ningeweza kusema nimechoka. Lakini watu sita wenye madaftari wamesimama mbele yangu wakingoja, kalamu juu. Nikashuka kitandani. Nikasimama kabisa, mkono mmoja umeshika nguzo, wa pili unachora hewani. Nikasema, "Tumbo lina kuta." Nikasema, "Ndani ya kuta kuna nyaya." Nikasema, "Sasa utumbo wenyewe," na utumbo wenyewe ukajibu.

Sitaeleza kila kitu. Kuku wa Mulungwishi alitoka na bukari yake, akaangukia koti la mkurugenzi na viatu vyake. Nguzo ikaniponyoka, nikatafuta kitu cha kushika, nikashika kitenge, kamba ikakatika, nikaenda nacho chini. Na pale nilipoangukia kwa magoti, gauni limefunguka nyuma mbele ya wanafunzi sita, uso wangu ulikuwa umbali wa kiganja kutoka uso wa mama mkwe wangu. Miaka kumi na minne ya ndoa sikuwa nimewahi kuona rangi ya macho yake. Alijifunika kwa mikono miwili, akageukia ukuta.

Mnaruhusiwa kucheka mpaka hapa.

Walinirudisha kitandani, wakanipitisha mpira puani mpaka tumboni, ukaanza kutoa maji ya kijani. Mkurugenzi alikuwa anajifuta kwa taulo. Alisema polepole, bila hasira, "Mujinga, hii njo dawa yako ya kuamusha utumbo?"

"Haijawahi kufanya hivi," akasema yeye. Akainama kwangu. "Mwalimu, niangalie. Ulikunywa kitu kingine? Dawa yoyote, ya nyumbani, ya mutu yeyote? Sitakukasirikia. Nataka tu kujua."

Aliniuliza vizuri namna hiyo. Mimi nawauliza watoto wangu hivyo hivyo ninapotaka wasiogope kusema.

Mama mkwe alikuwa bado ameelekea ukuta. Trésor mlangoni ameshika kofia yake, ananitazama. Nikafikiri: nikisema, mwanamke huyu niliyemwaibisha sasa hivi nitamwongezea na aibu ya mtoto wake. Nikatikisa kichwa. Hapana.

Mkurugenzi akafunga faili. Daktari Mujinga aliandika kitu, akafuta, akaandika tena.

Uongo wa upepo ni wa kuchekesha. Huu wa pili hauna upande wa kuchekesha, nimeugeuza mara nyingi nikiutafuta.

Alhamisi asubuhi walikuja kumwandaa Papa Kazadi. Hakuwa na utani siku hiyo. Daktari Mujinga alipoanza kumweleza ile ganzi, mzee alinyoosha kidole kwangu.

"Docteur, minye si mutu wa kusoma. Ule njo alisoma, na muangalie. Munipe ile ya zamani. Ile naijua ubaya wake."

"Papa Kazadi," nikasema, na mpira unakwaruza koo, "ile dawa si mbaya."

"Mwalimu, nyamaza. Uko na mupira mu pua na ungali unafundisha."

Sentensi moja tu ilihitajika: Papa, nilimeza vidonge kwa siri. Maneno matano. Mama mkwe alikuwa ameketi nyuma ya kitenge, Béa alikuwa amekitundika upya, juu kidogo zaidi. Nikahesabu magurudumu ya kitanda chake yakipita mlango, moja, mbili, kisha mlango ukafungwa wenyewe.

Ganzi yangu iliisha Alhamisi ile ile, mchana. Na mnajua maumivu yalikuwaje? Yalikuwa ya kawaida. Yalikuja polepole kama daktari alivyosema, Ma Odette akanipa paracetamol ya mshipa, yakapungua. Hayakuwa na haja ya ushujaa wowote. Nililia, lakini si kwa sababu ya maumivu.

Papa Kazadi alirudi na dawa kali. Ijumaa alilala, akiamka analia, wakimwongeza analala tena. Tumbo lake likapanda. Alitakiwa akohoe, akae, avute pumzi ndefu, ili kifua kisijae, lakini mtu aliyelala namna hiyo hakohoi. Ma Odette alimketisha, mzee akaanguka upande kama gunia. Aliniita kwa jina la bwana mmoja wa karakana, akaniomba nimruhusu aende nyumbani, zamu imekwisha.

Jumamosi Ma Odette aliniambia, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, kwamba mkurugenzi amekataa kutia sahihi ile barua na kasha limerudishwa Lubumbashi. Daktari Mujinga alipokuja kunitoa mpira nilimwambia. Sikungoja chumba kitulie wala watu watoke. Nikasema: nilimeza tramadol, tangu Jumanne jioni, mara tatu, na upepo haukutoka, nilidanganya.

Aliketi kwenye ukingo wa kitanda. Mpira ulikuwa bado mkononi.

"Vilitoka wapi?" akauliza.

"Vilikuwa vyangu."

Nyuma ya kitenge kiti kikalia. "Béa," ikasema ile sauti, "ambia bwana yako aache. Ni vya Trésor. Minye nayua tangu mwaka mbili. Minye njo mama yake, nafuaka suruali zake. Nilingojea aniambie yeye mwenyewe."

Béa hakurudia. Hakukuwa na haja.

Basi siri niliyoilinda haikuwa siri. Nilikuwa nimemficha mama kitu alichokuwa anakitoa mfukoni kila wiki kabla ya kufua.

Daktari Mujinga akasema, "Ungeniambia Jumatano, mwalimu, ningemuonyesha mkurugenzi pale pale. Ningemuambia Papa Kazadi." Hakusema zaidi. Alimwendea yule mzee, akaanza kumpunguzia zile dawa na kumketisha mwenyewe kwa mikono yake, asubuhi na jioni, lakini kifua kilikuwa kimeshajaa.

Nilijaribu kumwambia na yeye. Nilitembea ile njia fupi ya kitanda cha nne mpaka cha tano, nikamshika mkono, nikamweleza yote, polepole, kama ubaoni. Alinisikiliza. Kisha akasema, "Pole, mwalimu. Ile dawa mubaya ilikutesa sana." Homa ilikuwa juu. Nikaeleza tena. Akasema tena, pole.

Alifariki wiki ya pili. Nilimuuliza Daktari Mujinga kama ile ganzi ingemwokoa, akasema hajui, hakuna anayeweza kujua, alikuwa mzee na uvimbe ulikuwa mkubwa. Alisema hivyo ili kunisaidia, na ni kweli. Ila alichokiogopa Papa Kazadi hakikuwa kufa. Aliogopa kufa akiwa hayupo, kama kaka yake. Na alikuwa na njia nyingine, imekunjwa mfukoni mwake, kwa mwandiko wangu.

Nilikwenda kilioni nikitembea kwa fimbo. Turubai ilikuwa mbele ya nyumba yao katika kambi ya wafanyakazi wa karakana, wanaume upande huu, wanawake chini kwenye mikeka. Mjane, Mama Kazadi, aliponiona aliwaambia watu, "Huyu njo mwalimu. Alitangulia kuteswa na ile dawa mupya, njo Papa akajua kuikimbia." Watu wakanipa kiti cha mbele. Mmoja akasema mwanamke wa jirani naye amekataa ganzi hiyo hiyo kwa sababu ya habari yangu, ingawa hata haipo tena hospitalini. Walinitazama kwa heshima.

Sikuketi. Nilisimama pale na kusema yote, vidonge, upepo, kutikisa kichwa, asubuhi ya Alhamisi. Nilisema kwamba dawa ilikuwa nzuri na daktari hakukosea chochote. Sauti yangu ya darasani ilinitoka, sikuwa na nyingine.

Nilipomaliza, Mama Kazadi alijivuta kwenye mkeka mpaka karibu nami.

"Kwa hiyo ile dawa ilikuwa muzuri?"

"Ndiyo, mama."

"Na weye ulijua, siku ile banamupeleka?"

"Nilijua."

Akakunja kitambaa alichokuwa nacho mkononi, akakikunja tena. "Ile maneno ilikuwa ya kuambia Papa," akasema. "Minye sasa niifanye nini?"

Jibu lake hamtalisikia kwangu hapa. Nimeenda kwake mara nne tangu siku hiyo, ananikaribisha, ananipa maji, swali lile hatulizungumzii. Nimeapa kitu kimoja tu, na nawaomba ndugu zangu mnaolazwa, msione haya kukichukua: muuguzi akikuuliza umemeza nini, umekula nini, upepo umetoka au haujatoka, mjibu jinsi ilivyo, hata kama mama mkwe yuko nyuma ya pazia, hata kama chumba kizima kinacheka. Mjibu siku hiyo hiyo, wakati yule wa kitanda cha ubavuni bado anasikia.